Gereji ya Malindi iliyopima presha ya oili kabla ya kunifungulia injini – nampa nyota 4

Naandika hii kucha bado zina oili kwa hivo mkiona imekua ndefu mnisamehe, ila najua wako wengi huku pwani wanaoendesha Subaru za turbo na siku moja ile taa nyekundu ya birika itawawakia, na nataka msipitie nlikopitia mimi.

Kwanza gari yenyewe. Ni Impreza WRX, ile GDA, boksa (pistoni zimelala pande mbili) ya lita 2.0 na turbo, injini EJ205, gia za mkono. Nilinunua hapa hapa nchini kwa mtu, mimi ni mmiliki wa tatu ama wa nne hata sijui, na mnajua gari kama hizi zikishapita mikono mingi kila mtu huacha alama yake, mmoja kaacha ekzosi ya kelele, mwengine kaacha waya zimefungwa na seloteipu chini ya dashibodi, na kuna mmoja kaacha silikoni, huyo ntamrudia.

Shida ilianzia Mombasa. Nikikata kona kwa kasi taa ya oili inameta mara moja alafu inazima, kama mtu amekukonyeza. Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote (simtaji, bado tunasalimiana) akasema sensa hio, akabadilisha. Siku mbili taa ikarudi. Akasema basi oili yako nyepesi, akamwaga ile ya 5W-30 akaweka 20W-50 na chupa moja ya ile dawa ya kuongeza uzito, akaniambia presha imerudi boss, nenda. Jumla nikalipa 7,800. Sasa nikikumbuka, katika ziara zote mbili hakuna mtu aliyefunga geji ya presha kwenye ile injini. Presha imerudi, nani aliyeipima? Hakuna.

Ijumaa nikapanda Malindi kwa shangazi. Njia ilikua nzuri, Kilifi nikapita, msitu wa Arabuko-Sokoke nikapita nikiwa na raha zangu madirisha wazi, kufika Gede kwenye matuta nafunga breki tu, taa ikawaka. Safari hii haikukonyeza, iliwaka ikakaa. Nikazima injini hapo hapo nikasukuma gari kando kwa mwendo uliobaki, na nawaambia hiki ndicho kitu cha pekee cha maana nilichofanya mimi mwenyewe katika habari yote hii. Swichi ya hio taa kwenye hizi gari huwasha presha ikishashuka mpaka kama bar 0.15, yani psi mbili hivi, hapo beringi za ndani ya injini zinazunguka karibu kavu. Ukijiambia acha nifike tu mjini ni kama kilomita 15, utafika, lakini injini itabaki Gede.

Nikachomoa stiki. Oili ipo, tena nzuri tu, katikati ya alama mbili. Nikampigia fundi wa Mombasa. Hajaona gari, hajasikia injini, anajibu huku anatafuna kitu: "Hio ni beringi, usihangaike, mimi niko na injini hapa eksi-Japani ya 160, nikuwekee?" Laki moja na sitini elfu kwa simu, gari iko chini ya mwembe Gede.

Jambo la haraka kuhusu brekdauni. Wa kwanza aliyekuja alitaka kuninyanyua magurudumu ya mbele ayaburute ya nyuma, nikakataa. Subaru hizi magurudumu manne yote yanavuta muda wote, ukinyanyua mawili ukaburuta mawili unaua kitu cha kati kwenye giaboksi. Ama ibebwe yote juu ama iburutwe yote manne chini ikiwa nyutro. Nikangoja lingine la kubeba, likanitoza zaidi, haina neno.

Shangazi ndiye aliyeniambia kuna mzee fulani. Jina la gereji siliweki kwa sababu mzee mwenyewe kaniomba, anasema simu zinamchosha (na kweli hazipokei, tutafika huko). Iko ndani ndani, ukitoka barabara ya Mombasa unaingia kwenye vumbi, kuna mwarobaini mkubwa na mabati manne, basi. Nimefika saa sita na nusu nikakuta imefungwa watu wako msikitini, nikakaa kwenye tairi na viazi vya karai mpaka wakarudi.

"Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, ilikuwakia wapi?"

Hakugusa boneti kwanza. Aliuliza. Iliwaka kwenye kona au ukienda moja kwa moja? Ukifunga breki? Injini ilikua moto au baridi? Ulisikia kugonga? Ulizima baada ya sekunde ngapi? Nani alifungua sampu (lile karai la oili chini ya injini) mara ya mwisho? Hilo la mwisho sikua na jibu, akatikisa kichwa kama daktari wa zamani. Alafu akachomoa stiki akainusa kama ina petroli, akasugua tone kati ya vidole, akaisogeza kwenye mwanga akaniita nione. Kulikua na vipovu vidogo vidogo kwenye oili, kama chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu. Akasema "mmh" tu.

Hapa ndipo nilipoanza kumpenda. Sensa ya oili kwenye EJ iko juu mbele, chini ya oltaneta. Wakatoa oltaneta, wakatoa sensa, mzee akaleta kisanduku cha mbao chenye geji ya mkono na mpira wake mrefu, na adapta ya uzi wa Kiingereza, 1/8 BSPT. Akanionyesha adapta nyengine inayofanana kabisa, ya uzi wa Kimarekani, akasema hii ukiilazimisha inaingia, alafu inavuja au inapasua tundu la injini, na yeye ashaletewa mbili zilizopasuliwa hivo. Hakuwasha gari. Alichomoa soketi za koili na za injekta, akamwambia kijana apige stata tu. Mshale ukapanda mpaka kama psi 30. Akasema pampu haijafa, tunaweza kuwasha.

Injini ikiwa baridi presha ilisoma juu ya 60, ndio, na ile 20W-50 nzito kama asali ungetarajia nini. Wengi wangeishia hapo wakakwambia nzima. Yeye akavuta kiti akaiacha ichemke robo saa mpaka feni zikaanza. Ilipokua moto, kwenye silensi (injini inanguruma tu bila kukanyaga mafuta): 14 mpaka 16, na mshale unatetemeka. Akamwambia kijana ashikilie revu 3000 asizisogeze. Nilikua nimechuchumaa karibu kabisa na geji. Ikaenda 38, ikakaa kama sekunde nne, alafu ikaanza kucheza, 30, 34, 22, 27, 18, na revu ziko pale pale.

Akanigeukia. "Beringi haifanyi hivi. Beringi ikiliwa presha inashuka, lakini inatulia huko huko chini. Hii inarukaruka. Hii inameza upepo."

Alafu akafanya kitu ambacho mimi sijawahi kukiona na nimekaa na gari hizi miaka. Akaongeza oili lita moja nzima juu ya kiwango. Nikapiga kelele, mzee utaziba injini! Akanambia tulia, ni kwa dakika tano. Wakawasha, revu 3000, mshale ukaenda 44 ukaganda hapo kama umepigiliwa msumari. Akazima, wakaimwaga ile lita hapo hapo kwa sababu oili ikizidi krankshafti (mhimili mkuu wa injini unaozunguka) inaipigapiga inakua povu na utarudi kule kule.

Hesabu yake ni hivi. Ndani ya sampu kuna bomba jembamba linalokwenda chini kunyonya oili, wao wanaliita pikapu, sio ile ya kubeba mchanga. Likiwa na ufa kwa juu, oili ikiwa nyingi ufa umezama, hakuna shida. Ukikata kona au ukifunga breki oili inakimbilia upande mmoja, ukipandisha revu nyengi inapelekwa kwenye hedi, kiwango kinashuka, ufa unabaki nje na pampu inavuta hewa badala ya oili. Ukizidisha oili ufa unazama tena, presha inarudi. Ikiwa tatizo ni beringi au pampu yenyewe, lita moja zaidi haibadilishi kitu. Kipimo cha shilingi mia tano sita hivi kilichonitofautishia mimi na laki na sitini. Na ile oili nzito niliyowekewa Mombasa ilikua inazidisha ubaya, maana kwenye bomba lenye ufa hewa ni nyepesi kuvutika kuliko oili nzito, pampu nayo inachagua rahisi kama sisi sote.

Bado hakufungua sampu. Alitoa filta akaikata. Sio kwa msumeno, ana kile kikata cha kuzungusha kama cha kufungulia mkebe, anasema ukitumia msumeno unatia vyuma vyako mwenyewe ndani alafu unawasingizia beringi. Akaikunjua ile karatasi akaikamua, akaitandaza kwenye kigae cheupe cha bafuni juani, tukaikagua kunjo kwa kunjo kama watu wanaochambua mchele. Akapitisha sumaku. Hakuna chuma cha kushikika, hakuna ule mng'aro wa shaba. Viliokuwepo ni vipande vitatu vya kitu cha kijivu kinachovutika. Silikoni.

Na hii kuikata filta ina maana zaidi kwenye boksa kuliko kwenye injini nyengine. Kwenye Toyota ya kawaida ukishusha sampu unafungua kepu za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti) kutoka chini unaziangalia beringi kwa macho. EJ bloku yake imegawanyika katikati kama kokwa ya embe, beringi za konrodi huzifikii mpaka uitoe injini uipasue nusu mbili. Kwa hivo fundi anayesema "tufungue tuone" kwenye gari hii anakwambia tufanye overholi, hata kama hajui kwamba ndicho anachosema.

Kushusha sampu walinyanyua injini kidogo kwenye maunti, wakalegeza ekzosi kwa chini, kazi ya jioni nzima na jua la Malindi hata likienda kuzama bado linauma. Ilipotoka kulikua na silikoni imejaa pembeni imefinywa kuingia ndani, mnene kama krimu ya keki, huyo ni mmoja wa wamiliki wenzangu wa zamani, na vipande vilivyokatika vimekaa kwenye chujio la pikapu kama chingamu iliyotemwa. Kama robo ya chujio ilikua imeziba. Ufa wenyewe hatukuuona. Mzee akaagiza beseni la maji, akaziba upande wa chujio kwa kiganja na kipande cha tyubu, akaweka mdomo upande wa juu akapuliza. Vipovu vikatoka mstari mmoja mwembamba pale bomba lilipounganishwa na kishikio chake. Ukilitoa majini ufa hauonekani, ukipitisha ukucha unauhisi. Mabomba haya ya EJ za turbo yanajulikana kwa kupasuka pale pale, sio gari yangu peke yake.

Nikamuomba alichomelee tu nirudi Mombasa Jumapili. Akakataa kata kata. Anasema injini inatetemesha lile bomba muda wote, weldi ya barabarani itapasuka pembeni yake na wakati huo sitakua Gede ntakua katikati ya msitu usiku. Likaagizwa jipya jenuini Nairobi, likaja kwa basi.

Sasa malalamiko, maana nyota ya tano sikuitoa bure. Aliniambia Jumamosi, nikaondoka Jumatatu saa kumi. Bomba lilifika Jumapili asubuhi lakini mzee alikua na harusi, na simu yake ukipiga inaita mpaka inachoka, nilikua nachukua tuktuk kwenda kuangalia kama mtu anayefuatilia deni. Hakuna kivuli cha maana cha mteja zaidi ya mwarobaini. Bei haikuandikwa popote mpaka mwisho, na risiti ni karatasi ya daftari. Kijana mmoja kaniachia kiganja cha oili kwenye kiti cha dereva, kiganja kizima, vidole vitano, bado kiko. Na klipu mbili za lile ngao la chini zimevunjika wakasema zilikua zimevunjika, mimi nasema hapana, tumeachia hapo.

Pesa: bomba 11,500, oili na filta 8,200, oringi na silikoni 1,900, ufundi 12,000. Jumla 33,600. Kwa gereji ya mabati kuna watakaosema ufundi ni ghali. Mimi naona nililipia ile robo saa ya kukaa kwenye kiti anangoja injini ichemke.

Kufunga alikua na mambo yake. Silikoni alipaka mstari mwembamba kama uzi wa kiatu, akamfokea kijana aliyetaka kuongeza. Akafungua na ile boliti ya oili inayolisha turbo, ndani yake kuna kichujio kidogo kama cha kuchezea, wengi hawajui kipo na kikiziba turbo inakufa na njaa wakati injini ina presha nzuri. Changu kilikua safi nusu. Akashika na shafti ya turbo akaichezesha, ikawa sawa. Kisha hakuwasha, akarudi kwa stata ileile na soketi za koili na injekta zikiwa zimechomolewa. Sekunde kumi, mshale haujasogea. Wakapumzisha stata. Kumi nyengine, sifuri. Nikaanza kusoma dua. Ya tatu mshale ukatingishika, ukakaa, ukaruka mpaka 25, na yule kijana wa kiganja akapiga makofi peke yake.

Ikiwa moto kabisa na oili mpya ya 5W-40: 20 kwenye silensi, 62 kwenye revu 5000, na mshale umetulia. Kitabu cha gari kinataka 14 kwenye revu 600 na 43 kwenye 5000 oili ikiwa na joto la digrii 80, mzee amezinakili kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kile kisanduku cha mbao pamoja na za injini nyengine nyingi. Nikamuuliza na ile pampu je, maana nshasikia skrubu za bamba la nyuma hulegea na presha inapotelea mule ndani. Kasema ni kweli zinalegea, lakini pampu iko nyuma ya taimingi beliti, geji inasema nzima, ukifika wakati wa beliti njoo tuzikaze, leo sikuli pesa yako. Wallahi sijawahi kuambiwa hivo na fundi tangu nianze kumiliki gari.

Nikanunua na geji ya presha ya kudumu, nimeifunga kwenye nguzo ya kioo, mzee kaniwekea kiungo cha njia mbili ili sensa ya kiwandani ibaki. Wiki ya pili sasa. Kwenye kona za Mtwapa naitazama zaidi kuliko barabara, mke wangu hapendi.

Lile bomba la zamani nilitaka kuondoka nalo, mzee akanambia niliache, amelitundika kwa waya ukutani karibu na mengine mawili yaliyopasuka pale pale. Nikalipiga picha na kidole changu kwenye ufa nikamtumia yule fundi wa Mombasa, nikamwandikia tatizo ndilo hili, beringi ziko sawa. Kasoma, kakaa kimya kama saa nzima, alafu akanijibu: "Sawa boss nimeona. Lakini ile injini bado ipo, nakupunguzia mpaka 150."